Jinsi ya Kumpata Babu Mfalme Bila Kuondoka Kavumu

Ndugu msomaji, ikiwa umekwisha kununua suti ya pili na bado ukoo wako unakomea kwa babu aliyelima maharagwe Bugorhe, hapa kwetu Kivu Kusini, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Hatukuulizi sababu. Labda kuna kiti cha uchifu kinachonukia kuwa wazi. Labda kuna shamba kando ya barabara ya uwanja wa ndege, linalopanda bei kila lori la matofali linapomwaga mzigo jirani, na mwenye shamba anasema baba yake alimtolea mwami, mfalme wa kwetu, kalinzi ya ardhi, ng'ombe halisi wenye pembe, wakati baba yako alikuwepo kama shahidi tu. Au labda umechoka kukalishwa nyuma arusini, karibu na spika. Sababu zote hizo ni za heshima, na wakubwa kuliko wewe walizitumia.

Kanuni ya kwanza: usianze na babu. Anza na kiti. Wasiojua kazi hii hutafuta babu kwanza, wakidhani akishapatikana kiti kitakuja chenyewe, na ndiyo maana wanazeeka wakizungukazunguka kwa wazee na chupa za pombe ya kasiksi bila faida. Historia yote inaonyesha kinyume. Kaa kwanza. Babu atakuja mwenyewe, tena mbio.

Mwalimu wetu mkuu katika jambo hili ni Basil wa Kwanza, kaisari wa Konstantinopoli. Huyu alizaliwa Thrace katika nyumba ya wakulima, akiwa mdogo wazazi wake wakachukuliwa mateka hadi nchi ya Wabulgaria. Alipokua alishuka mjini akitafuta kazi, akapata ya kutunza farasi. Alikuwa na kifua kipana, akasifika kwa mieleka, mpaka Kaisari Michael wa Tatu akampenda na mwaka 866 akamvisha taji la kaisari mwenza. Mwaka uliofuata, usiku mmoja baada ya karamu, Michael aliuawa kitandani akiwa amelewa, na asubuhi kaisari alikuwa mmoja tu. Angalia vizuri mambo yalivyosimama siku hiyo: kiti kipo, jeshi lipo, hazina ipo. Kinachokosekana ni babu.

Babu huyo aliletwa na Photius, msomi aliyewazidi wote wa zama zake, ambaye Basil mwenyewe alikuwa amemvua upatriarki na kumfukuza. Habari tunaipata kwa Niketas, mtu aliyemchukia Photius kwa moyo wote, kwa hiyo tuipokee kwa tahadhari, lakini ufundi wake ni mtamu mno kuuacha. Anasema Photius alitunga nasaba nzima inayompeleka Basil hadi kwa Tiridates, mfalme wa Armenia aliyepokea Ukristo mwanzoni mwa karne ya 4. Akaiandika kwa herufi za kizamani kwenye karatasi zilizochakaa, akazivika jalada alilolibandua kwenye kitabu cha kale, kisha akampa padri mmoja wa ikulu kitabu hicho akifiche maktabani. Siku moja padri yule, kwa mshangao mkubwa, "akakiokota". Akampelekea kaisari: tazama, mkubwa, kitabu cha ajabu, hakuna hapa anayeweza kukisoma. Labda yule Photius, kama yu hai bado.

Photius akaitwa, akasoma. Kitabu kilitabiri mtu aitwaye Beklas, atakayetawala kwa baraka kuliko wote, na jina hilo, ukiligawa herufi moja moja kwa Kigiriki, linatoa Basil, mkewe Eudokia, na wana wao Constantine, Leo, Alexander na Stephen. Karibu familia nzima. Mwaka 877 Photius alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha upatriarki.

Soma kisa hicho mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna nusu ya elimu yote unayoihitaji. Ukoo uliochaguliwa, ule wa Arsaces aliotokea Tiridates, ulikuwa umekwisha kunyang'anywa ufalme wa Armenia mwaka 428, yaani zaidi ya miaka 400 kabla. Ukoo wa namna hiyo hauna wajomba wa kuja kukukana mbele za watu, wala binamu wa kudai mgawo. Tena uongo wenyewe umesimama juu ya ukweli kidogo: Waarmenia wengi walikuwa wamehamishiwa Thrace na dola, kwa hiyo haishangazi mkulima wa huko akiwa na damu ya Armenia. Wanahistoria bado wanabishana. Waandishi wa Kiarabu walimwita Mslavi, na msomi wa Kiarmenia Nicholas Adontz aliandika kurasa nyingi katika miaka ya 1930 kuhusu asili yake. Lakini kati ya kuwa Mwarmenia na kuwa mwana wa mfalme wa Armenia kuna bonde, na bonde hilo ndilo Photius alilolijaza kwa wino. Mjukuu wa Basil, Constantine wa Saba, aliona hata hiyo haitoshi. Katika kitabu cha maisha ya babu yake alichokisimamia, upande wa baba ni Arsaces, upande wa mama ni Constantine Mkuu na Alexander wa Makedonia. Kwa nini uchague? Wakatawala mpaka mwaka 1056.

Sasa turudi Kavumu. Swali linalofuata ni babu atoke wapi, na hapa usiwe mvivu. Asitoke Katana. Asitoke Miti. Kila mtu ana shemeji Miti, na shemeji huyo ana mdomo. Babu wa kifalme lazima atoke mahali ambako hakuna basi la moja kwa moja.

Watu wa pwani walilijua hilo zamani. Habari za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizichapa mwaka 1552, zinasimulia mwana wa sultani wa Shirazi aliyekuja kwa merikebu na kukinunua kisiwa kwa nguo. Wahabeshi walikwenda mbali zaidi: Yekuno Amlak alipoutwaa ufalme mwaka 1270, ukoo wake ukawa wa Menelik, mwana wa Suleimani na Malkia wa Sheba, na jambo hilo likakaa vizuri kiasi cha kuandikwa katika ibara ya katiba ya mwaka 1955, kama ushuru wa forodha. Na ukishindwa kabisa kumpata babu wa mbali, subiri mzungu apite. Mwingereza Speke alipofika Karagwe mwaka 1861 alikaa na Mfalme Rumanika, akafungua Biblia, akamweleza kwamba ukoo wake umetoka Uhabeshi. Rumanika hakuwa amemtuma. Ni huduma ya bure, ingawa sisi wa Maziwa Makuu tumeendelea kuilipia hadi leo, maana nadharia ile ya watawala waliotoka kaskazini na watawaliwa waliowakuta ilifundishwa darasani, ikaingia siasani, ikazaa makaburi.

Usije ukawacheka Washirazi lakini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mmoja wa bara kati ya mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wanaume wa Kiajemi walianza kuzaa na wanawake wa Kiafrika yapata mwaka 1000, sawasawa na zama ambazo wazee walikuwa wakizitaja huku maprofesa wakitabasamu. Mnaona? Lakini kipimo hicho kina adabu yake: kinaweza kukuonyesha Mwajemi, hakiwezi kukuambia kama alikuwa mwana wa sultani au baharia aliyekimbia madeni. Upande wa wanawake nao ulikuwa karibu wote wa Kiafrika, na hao ndio waliowafundisha watoto kusema. Kwa hiyo, ukitaka kupima mate yako kwa kampuni ya ng'ambo, fikiri kwanza. Vinasaba havijui itifaki.

Hapa kwetu Bushi huna haja ya kuvuka bahari. Tunako Lwindi. Ni nchi ya milima na msitu huko Mwenga, kwa Wanyindu, karibu na mto Ulindi, na simulizi za nyumba ya kifalme ya Banyamwocha zinatoka huko, zikimtaja mama, Namuhoye, na wanawe walioteremka na kugawana nchi. Si Bushi tu. Nyumba kadhaa za jirani, mpaka Bufuliiru kusini, zinaielekezea mikono Lwindi. Umbali wake ni mzuri ajabu: mbali kiasi kwamba hakuna atakayekwenda kuuliza, hasa mvua zikinyesha na barabara ikiwa vile unavyoijua, karibu kiasi kwamba jina halihitaji kufafanuliwa.

Wasomi wamesumbuka sana na Lwindi. Mapadri Weupe walitangulia: Pierre Colle aliandika habari za Bashi, kisha Paul Masson akatoa kitabu chake cha karne tatu za Bashi mwaka 1960. Baadaye akaja Mmarekani Richard Sigwalt, aliyemaliza tasnifu yake mwaka 1975, akazipekua simulizi za asili zenyewe. David Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu kisiwa cha Idjwi, alionyesha jinsi koo na ufalme vilivyoumbana humo humo ziwani. Hakuna aliyeteremka na ufalme mzima kichwani. Mimi, nikiulizwa, nasema kilichosafiri kutoka msitu ule ni bwami wenyewe, yaani taji, miiko na sherehe, kuliko mtu mmoja na mama yake. Warega wa huko wana bwami vilevile, ila kwao ni chama cha madaraja, hakina mfalme. Desturi hutembea bila kuchoka miguu. Lakini usilitamke hili kwenye sherehe. Hakuna aliyewahi kupewa kiti cha mbele kwa sababu ya kushuka kutoka kwenye desturi.

Baada ya mahali, ushahidi wa mwili. Katika falme nyingi za ukanda huu mwami husemekana kuzaliwa ameshika mbegu mkononi. Huu ndio ushahidi bora kuliko yote duniani: unaonekana mara moja tu, alfajiri, ndani ya nyumba iliyofungwa, mbele ya watu wawili watatu waliokula kiapo. Kwa bahati mbaya wewe una miaka 54 na mkunga wako alikwisha fariki. Usihangaike. Mbegu si lazima, zinawahusu wanaotaka ubwami wenyewe, na wewe, natumaini, unataka cheo cha chini kidogo. Kwa wanaotaka ubwami kuna Bajinji, wale wenye kazi ya kumzika mwami, kumsimika anayemfuata na kuongoza mubande, sherehe ya mtama mpya. Hawa wanajua nani ni nani. Hawaandiki, hawabishani, hawaji kwenye mikutano ya hoteli. Photius angepata shida sana na Bajinji.

Ukienda kwa mzee wa kawaida, nenda na adabu. Usiseme "Papa, nimekuja kuuliza kama sisi ni baluzi, watu wa ukoo wa mwami." Sema "Papa, nimekuja kukusalimia," uweke kreti ya Primus karibu na mlango, unyamaze. Zungumza mvua. Zungumza bei ya sambaza. Mzee mwenyewe, ikifika chupa ya tatu, atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, na hapo utaje majina machache kwa sauti ya mtu asiye na hakika, umwachie nafasi ya kukusahihisha. Masahihisho ya mzee yana nguvu kuliko kiapo. Kama atataja babu wa babu yako kuwa mtu wa nyumba ya mwami, usiulize alikuwa nani humo. Mchunga ng'ombe pia ni mtu wa nyumba.

Upande wa mama usiudharau hata kidogo. Bashi wanajua uzito wa mwamikazi, mama wa mfalme, aliyeshika nchi mara nyingi wakati mtoto bado mdogo. Na kwa nasaba mama ana faida nyingine: wanawake waliolewa mbali, majina yao yaliandikwa kidogo, na nyumba ya kifalme ilikuwa na mabinti wengi. Hakuna anayeweza kuwahesabu.

Sasa maandishi. Lwiro si mbali, na pale kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kuna maktaba ambayo ingemtoa Photius machozi. Lakini tahadhari na mduara huu: wazee waliwasimulia mapadri, mapadri wakaandika na kunyoosha, vitabu vikarudi shuleni, na leo utakuta mzee anakusimulia mapokeo ya mababu kwa mpangilio uleule wa sura za Padri Masson, mpaka kosa la uchapaji. Kwako wewe hilo si tatizo, ni neema. Ukikuta kitabu na mzee vinakubaliana, usichunguze nani alimsikia nani.

Kama utaandika hati yako mwenyewe (sikushauri, naeleza tu jinsi inavyofanyika), chovya karatasi kwenye chai ya majani, izungushe moshini jikoni kwa mama mkwe wiki mbili, na usitumie kalamu ya Bic. Zaidi ya yote, angalia tarehe. Hati ya mwaka 1940 haiwezi kuwa na muhuri wa Zaire, kwa sababu Zaire ilizaliwa mwaka 1971. Mji wa Bukavu nao kwenye karatasi za serikali ya wakati ule uliitwa Costermansville. Na usiweke namba ya simu chini.

Kisha mtafute msomaji. Hapa ndipo Photius alipowashinda wote: hati nzuri ni ile inayosomwa na mtu mmoja tu. Ikiwa kila mtu anaisoma, kila mtu ataielewa, na hilo hatulitaki. Mstaafu mmoja anayejua Kilatini cha seminari atatosha.

Mpaka hapo unaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu wewe si kaisari wa Konstantinopoli; wewe ni raia wa Kongo, na raia wa Kongo anahitaji babu wa pili.

Babu wa pili ni kinyume kabisa cha yule wa kwanza. Babu wa mfalme lazima awe ametoka mbali. Babu wa raia, ole wake akitoka mbali. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilitaka uonyeshe kwamba mmoja wa wazazi wako wa zamani alikuwa wa kabila lililokuwa limekaa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Tarehe hiyo ni ya kuchekesha ukiitazama kutoka hapa. Mwaka 1885 hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Mjerumani Götzen alilifikia mwaka 1894, na mpaka wa upande huu Wabelgiji na Wajerumani walikubaliana mwaka 1910. Kwa hiyo babu yako alitakiwa kukaa ndani ya mstari ambao bado ulikuwa haujachorwa, kando ya ziwa ambalo wachoraji walikuwa hawajaliona. Sheria ya mwaka 1972 kabla yake ilikuwa imewakubali watu wa Rwanda-Urundi waliokaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawafuta. Ya mwaka 2004 ikasogeza kipimo hadi siku ya uhuru. Babu yuleyule, kaburi lilelile, mara Mkongo mara mgeni, bila kujigeuza upande. Watu walifukuzwa na kuuawa kwa hesabu hizo, kwa hiyo hapa sitanii sana.

Na usidhani kuwa wa kwanza kabisa kutakusaidia. Batwa wa Kahuzi hakuna hata mtu mmoja anayebisha kwamba walitangulia. Hawakuhitaji hati wala Photius. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 walitolewa msituni, na ilichukua hadi mwaka 2024 kutangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Anayetoka mbali na ng'ombe anakuwa mwami, aliyetangulia na upinde anakuwa kibarua wa kupalilia maharagwe ya watu. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini nilikuambia uanze na kiti.

Basi tengeneza nasaba mbili. Ya kwanza, ndefu, inaanzia Lwindi au, kama una kiburi, Uhabeshi: hiyo ni ya arusi, matanga na mbele ya bashamuka, wazee wa heshima. Ya pili, fupi, haitoki popote; babu alichipuka Bugorhe kabla ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kununua penseli: hiyo ni ya ofisi ya teritwari na ya siku watu wa uchaguzi wanapojaza sehemu ya asili kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 kuhusu machifu wa kimila itakulazimisha kuonekana pande zote mbili, maana kimila ndicho kinachomteua chifu na serikali ndiyo inayomtambua, kwa hiyo fanya mazoezi ya kubadilisha haraka.

Ziweke katika mifuko tofauti ya koti. Ile ndefu kushoto, ile fupi kulia. Watoto wafundishe zote mbili, lakini siku tofauti. Na akitokea mtu, aghalabu binamu aliyesoma Bukavu, akakuomba mbele za watu umsomee zote mbili kwa mpigo, papasa mifuko yote ya koti na ya suruali, kisha mwambie miwani imebaki nyumbani.